Barua Niliyoificha Ndani ya Maharagwe

Mwende mwanangu,

Kama barua hii iko mikononi mwako, basi hatimaye umefungua mkebe wa maharagwe niliokupakia uhame nao. Sijui leo ni siku gani huko Kawangware. Kama ni asubuhi yako ya kwanza, nisamehe kwa nilivyokufikiria. Kama ni wiki ya pili au ya tatu, basi nilikufikiria sawasawa, na sasa wote wawili tunajua kwamba umekuwa ukienda kazini na tumbo tupu.

Ningeweza kuiweka kwenye mfuko wako wa nguo. Lakini barua ya mfukoni ungeisoma ukiwa bado stejini ukingoja matatu, ungeikunja, ungeendelea na mambo yako. Hii nilitaka uikute ukiwa na njaa na sufuria mkononi. Nimeifunga kwa pakiti ya unga ili wadudu wasiimalize kabla yako.

Nimekaa mlangoni, mahali mwanga wa jioni unafika, naandika haraka kabla hujarudi. Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, au hivyo ndivyo ulivyoniambia. Ningeweza kukungoja tuongee kama watu. Lakini unanijua. Nikikuuliza jambo kwa mdomo ninakuwa askari wa kituo na wewe unakuwa mshukiwa, unajibu "niko sawa, mathe" hata kabla sijamaliza swali. Simu nayo siitaki. Ujumbe wa sauti ukiufungua unasikika na kila mtu aliye karibu, na mimi siwajui watu wa Satellite, huko huko Kawangware, watakaokuwa karibu nawe. Isipokuwa mmoja. Huyo namjua, na tutafika kwake.

Sitakuandikia mambo ya kufuli, wala ya jiko la makaa kutolala ndani, wala ya wanaume. Hayo nimekuambia tangu ukiwa mdogo, na uliyotaka kushika umeshika. Nataka kukuambia kuhusu mambo niliyoyafanya tangu ugonjwa wa sukari unipate, kwa sababu uliyaona ukanyamaza, na kunyamaza kwako kumenikaa kifuani.

Unajua kazi yangu. Mtu wa kuuza makaa kule Silanga, kando ya bwawa, akiwa na moyo wa kuamini atauza vumbi. Gunia linakuja limepambwa juu kwa vipande vikubwa, ukilimwaga unakuta katikati ni vumbi na mawe, na limeloweshwa ili liwe zito. Mteja naye anautikisa mkebe wa kupimia ili makaa yajipange, halafu anaongeza vipande viwili akidhani naangalia bwawa. Kazi hiyo ilinifundisha kutazama mikono ya watu kabla ya nyuso zao. Imenilisha mimi, imekulisha na wewe, na siikani. Lakini nilizoea sana kutazama mikono ya wengine, na yangu nikawa siioni.

Sukari iliponipata, sista wa kliniki aliniambia nije asubuhi bila kula kitu, hata chai. Nikaenda na njaa. Akanitoboa kidole, akaangalia, akasema, "Mama, leo umefanya poa sana." Ilikuwa muda mrefu tangu mtu aniambie nimefanya poa. Siku ya kliniki iliyofuata ikawa vilevile: njaa, kidole, sifa. Hapo nikajifunza somo ambalo hakuna aliyenifundisha. Nikasema, kama sukari inatulia nisipokula asubuhi, basi adui ni chakula cha asubuhi. Na kama siku ya kliniki ni nzuri hivi, kwa nini kila siku isiwe siku ya kliniki?

Nikaacha mandazi, nikaacha uji, nikaacha hata viazi vilivyolala. Nilikuwa nakunywa strungi, chai isiyo na maziwa, tena bila sukari, nameza dawa, nateremka Silanga. Ninyi vijana mnaita kupiga pasi ndefu, mpira unaruka kutoka chakula cha usiku hadi cha mchana bila kugusa chini. Wengi hapa wanaipiga kwa sababu hawana kitu cha kuweka jikoni. Mimi niliipiga na unga uko ndani, nikajiona mjanja. Pale kwenye benchi la kliniki niliwashauri hata wagonjwa wenzangu wafanye hivyo. Sijui walifikia wapi, na siku hizi nikiona benchi lile naona haya.

Mchana ndipo nilipokuwa nafungua kinywa, na chakula kilitoka kwa Mama Akoth. Unakumbuka tulivyokuwa. Mlango wake na wetu ulitazamana hapa kwenye ploti yetu ya Mashimoni, yeye mtu wa ziwa, mimi mtu wa Kitui, na chumvi ikiisha kwangu ilikuwa kwake. Kibanda chake cha chakula kilikuwa karibu na makaa yangu kule Silanga. Asubuhi anachukua makaa kwangu, mchana mimi nachukua sahani kwake, na hatukuwahi kudaiana. Githeri yake ya mahindi na maharagwe ilikuwa inaiva mpaka maharagwe yanajipasua yenyewe.

Kisha nikaanza kusinzia kazini. Nikishakula mchana macho yanaingia ukungu, mdomo unakauka, mteja anataja mkebe mmoja mimi napima miwili. Ndipo ukaninunulia ile mashine ya kupima sukari, kwa mshahara wako wa kwanza kule duka la nguo. Nikapima asubuhi, iko sawa. Nikapima baada ya chakula cha mchana, imepanda hadi nikaishuku mashine. Nikasema uliuziwa kitu kibovu. Ukajitoboa wewe mwenyewe ili unionyeshe, na yako ikaja ya kawaida kabisa. Siku hiyo yako ilikuwa ya kawaida. Hilo nitalirudia.

Sasa fikiria na akili yangu ya wakati ule. Asubuhi nimeamka mzima. Mchana mimi mgonjwa. Hapo katikati, ni mkono wa nani umegusa chakula changu? Na muda si mrefu kabla ya hapo tulikuwa tumekosana kidogo. Mama Akoth alidai gunia langu moja lilikuwa na maji, moshi ukamfukuzia wateja. Mimi nikamwambia makaa yangu ni makavu kuliko unga wake. Basi nilipoona vile vipimo vya mchana, nikaunganisha. Dalili ya mvua ni mawingu. Nikajiambia, Kavata, kikulacho ki nguoni mwako.

Sikumwambia mtu. Nilianza kuchunguza. Nilikuwa nakoroga sahani natafuta punje za sukari chini. Nikaonja supu ya maharagwe kwa ncha ya ulimi na macho nimefumba. Nikahamia kibanda kingine ng'ambo ya mtaro, na sukari ikapanda vilevile. Mtu mwingine angeshtuka hapo. Mimi nilisema hawa wapishi wako chama kimoja, wameambiana.

Halafu dada yangu Syokau akaja kutoka Kitui kututembelea, na mbaazi zake. Kila asubuhi anachemsha, ananiwekea bakuli mbele, na mtu mzima hakatai chakula cha mgeni. Nikala kwa adabu tu, huku nikihesabu dhambi. Mchana nikarudi kwa Mama Akoth, kwa sababu Syokau alimpenda. Nikapima baada ya kula. Ilikuwa imepanda kidogo tu. Kesho yake, vilevile. Macho yakafunguka, usingizi ukaisha, nikaimba nikiwa kazini. Na unajua nilisema nini? Nilisema huyu mwanamke amejua kwamba nampima, ndiyo maana ameacha.

Syokau akarudi kwao, mimi nikarudi kwenye strungi yangu, na mchana sukari ikaruka. Nikasema, ameanza tena. Siku hiyo ndiyo niliyotembea hadi kibandani nikiwa na sahani mkononi, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba ananiua polepole kwa ajili ya gunia la makaa.

Hukuwepo, uliambiwa tu, na waliokuambia waliongeza chumvi. Hivi ndivyo ilivyokuwa. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama Mwende, mimi nakupikia nikijua uko na sukari. Hiyo maharagwe yako natoa kando kabla sijaweka mafuta ya wengine. Leo unaniita muuaji?" Akaichukua sahani yangu, akaketi kwenye benchi lake, akala. Alikula yote, taratibu, watu wakitazama, kisha akaifuta kwa kidole hadi ikang'aa, akanirudishia. Kesho yake alinunua makaa kwa mtu mwingine. Mwezi ulipoisha akahamia Kawangware. Mimi nilisimama pale mlangoni nikitazama kitanda chake kikipakiwa kwenye mkokoteni, na moyoni nikasema, mwenye hatia hukimbia.

Hapo ndipo ulipoanza kunipikia wewe. Kabla hujatoka kwenda kazini kwako unaniachia chakula cha mchana kwenye bakuli lenye kifuniko. Na sukari ikapanda. Mama Akoth hayupo, amehamia mtaa mwingine, na sukari inapanda.

Mwende, jioni ile nilifungua mkebe wako wa chumvi nikaonja. Nilikuwa nataka kujua kama ni chumvi kweli. Nilipogeuka ulikuwa umesimama hapo kwenye pazia linalogawa chumba chetu. Ulichukua jagi, ukanywa maji, ukaenda kulala. Nimetafuta jinsi ya kulisema hili mwaka mzima na sijapata jinsi nzuri, kwa hiyo nalisema hivyo lilivyo. Nilikushuku wewe, mtoto niliyekuzaa, uliyeninunulia mashine kwa mshahara wako wa kwanza. Naona aibu ninapoandika.

Sikulala vizuri. Kliniki ilipofika nilimwambia sista kila kitu, ila majina. Nilidhani ataniandikia dawa nyingine. Akaniuliza, "Mama, asubuhi unakulanga nini?"

"Sikuli."

"Kwa nini?"

"Si ni nyinyi mlisema nisikule?"

Akaweka kalamu chini. "Siku ya kupimwa pekee, mama. Si maisha yako yote."

Akanieleza polepole. Mtu akikaa na njaa tangu usiku hadi mchana, mwili unaanza kutumia mafuta yake, mafuta yanazunguka kwenye damu, na insulini ikija inakuta mwili umekuwa mgumu kuisikia. Kongosho nalo, ambalo ndilo linalotengeneza hiyo insulini, halijaguswa tangu jana, kwa hiyo linachelewa kuamka. Ukila asubuhi, hasa maharagwe au mbaazi, unaliamsha. Chakula cha mchana kikifika kinapata mtu wa kukipokea. Akasema hata kama sahani ya mchana ni ileile, kwa wagonjwa wengi inapandisha sukari zaidi siku ambayo hawakula asubuhi. Na kipimo chao cha kliniki hakikuwahi kuliona hilo, kwa sababu kinapima asubuhi tu, na asubuhi mimi nilikuwa malaika.

Aliposema "sahani ni ileile", nilimwona Mama Akoth akiifuta sahani yangu kwa kidole.

Sikumwamini sista, bila shaka. Ni msichana mdogo, kucha ndefu, nikasema labda kuna mtu anamlipa ili tununue maharagwe. Kwa hiyo nilijaribu mwenyewe. Utakumbuka ule wakati nilipokusumbua unipikie githeri ileile kila siku hadi ukaniuliza kama nimerogwa. Siku kadhaa nilikula maharagwe asubuhi, siku kadhaa sikula kitu, na mchana sahani ikawa moja, nikapima baada ya kula. Nilitaka sana sista awe mwongo. Hakuwa mwongo. Nikajaribu kumshinda kwa mlango wa nyuma, nikala mandazi na chai ya sukari asubuhi, sukari ikapanda saa hiyohiyo bila kungoja mchana. Nilipomwambia alicheka, akasema, "Nilisema uiamshe kongosho, mama, sikusema uichome." Alisema pia kwamba kila mwili una tabia yake, kwamba nisiende kuhubiri tena pale kwenye benchi, na kwamba mtu anayetumia dawa au sindano aulize kwanza kabla ya kubadilisha chochote. Nami nakupa kama nilivyopewa.

Kwa hiyo huo ndio mkono niliokuwa nautafuta. Ulikuwa wangu. Ndio uliokuwa unasukuma bakuli kando kila asubuhi. Kikulacho kilikuwa nguoni kweli, ila nguo ilikuwa yangu peke yangu.

Nilipoujua ukweli ningeweza kwenda Kawangware siku ileile. Si mbali. Nilijiambia makaa yataibiwa. Nilijiambia mvua. Kisha wewe ukapata kazi ya cherehani huko Satellite, nikakuuliza utakaa kwa nani, ukasema, "Kwa Mama Akoth, mathe," ukiwa unaangalia sufuria. Kumbe mmekuwa mkiongea wakati huo wote. Niliumia, na sijui kama nina haki ya kuumia.

Barua hii ni yako na yeye hapaswi kuisoma. Lakini chumba kimoja hakina siri, na yule mwanamke ana macho. Kwa hiyo, Mama Akoth, kama umefika hapa: chakula chako hakikuwa na kitu. Na gunia lile lilikuwa na maji. Nililijua wakati nakuuzia.

Sasa Mwende, rudi kwangu, yeye akienda kuchochea jiko lake.

Mimi hupimia sukari hapa mlangoni, kwenye mwanga, na vikaratasi vya mashine, vile vya kuwekea tone la damu, nikimaliza natupa kwenye jiko viungue, kwa sababu sitaki watu wa ploti wajue mambo yangu. Sijawahi kupimia upande wako wa pazia. Juzi nilipofagia ili upange vitu vyako, kimoja kilikuwa kimenata sakafuni chini ya kitanda chako, na tone la damu limekauka juu yake.

Nilikiokota nikakipeleka mlangoni, kwenye mwanga. Kisha nikaanza kuunganisha, kama ninavyofanya siku zote. Jagi la maji ambalo halikai na maji. Usiku unavyoniruka kwenda msalani, unarudi, unaenda tena. Sketi ya kwaya uliyoipunguza kiunoni ukasema ni fasheni. Asubuhi unazotoka bila kula, na ninaposema "kula kitu" unajibu, "Nitakula mbele." Nilikuwa nimeona hayo yote, nikadhani ni mvulana, nikawa nachungulia simu yako, mjinga mimi. Na sasa unahamia kwa mtu pekee ninayemjua ambaye anaweza kumpikia mgonjwa wa sukari bila kumuuliza maswali.

Sijui ile mashine ilikuambia nini. Pengine ulijipima tu kwa udadisi, ikawa ya kawaida kama siku ile. Pengine kikaratasi ni changu na kilipeperuka. Lakini kama ilikuambia jambo, naelewa kwa nini hukuja kwangu. Ungeniambia, na mimi ningeanza kutafuta aliyekufanyia. Ungekuwa na ugonjwa na tena uwe na kesi.

Nimemshuku Mama Akoth nikakosea. Nimeishuku mashine, nimemshuku sista, nimekushuku wewe na chumvi yako, na pote nilikosea. Kila mara nilikasirika nilipogundua. Safari hii naogopa, mwanangu. Safari hii namwomba Mungu nikosee, na nikikosea nitashukuru, na unaweza kunicheka hadi uzeeni.

Usijitibu kwa barua yangu. Mwili wako si wangu, na unaopungua hivyo una haraka kuliko wangu. Kama una kiu sana, au unatapika, au unahema vibaya, usingoje siku ya kliniki wala usiningoje mimi, mwambie Mama Akoth akupeleke hospitali saa hiyohiyo. Yeye hatakuuliza kitu njiani.

Kama hali si hiyo, njoo nyumbani Jumamosi, mapema. Nimekuandikia karatasi nzima kukuambia ule asubuhi, na ule. Lakini Jumamosi hiyo moja usile kitu, hata chai. Mimi pia sitakula. Tutapanda kliniki wote wawili na njaa, utampa sista kidole chako, na mimi nitatazama ukuta. Sitauliza nani wala kwa nini. Tukitoka, liwe liwalo, tutakula pamoja.

Sijui utaufungua mkebe huu lini. Kwa hiyo kila Ijumaa jioni nitachemsha maharagwe, na kila Jumamosi nitakungoja kabla sijala. Usinikawize na njaa, unajua mchana sukari itakavyokuwa.

Mama yako,
Kavata